Picha Ambayo Sikuianika

Karatu, Jumapili, 22 Julai 1962

Baridi. Tangu alfajiri ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka barabarani, na hata sasa, saa kumi jioni, jua sijaliona. Nimerudi kutoka Tloma kwa miguu. Udongo mwekundu umenishika viatuni na kwenye pindo la kanga, na sina nguvu ya kuuosha. Nimeketi tu, nikavuta daftari.

Sijui kama nina haki ya kulia. Lakini nimelia njia nzima.

Ngoja niandike tangu mwanzo, maana nikiandika la leo peke yake, mwakani nitalisoma na sitajielewa.

Ramadhani, mume wangu, alifariki mwaka jana kwa homa ya mapafu. Tuliishi pamoja miaka kumi na miwili, na tisa kati ya hiyo tuliishi hapa Karatu. Sote wawili ni Warangi, watu wa Kondoa. Siku aliponiambia tunahamia Karatu nilimwuliza kuna nini huko, tuna ndugu gani. Akasema ni mji unaokua, watu watataka picha. Nikaamini. Mke mchanga huamini.

Kazi ya picha aliipata vitani. Alikwenda Burma akiwa kijana, akawekwa kumtumikia kapteni mmoja Mzungu aliyependa sana kupiga picha. Ramadhani akawa anambebea mikoba, akajifunza kuchanganya dawa, kusafisha filamu na hata kupiga picha mwenyewe, na vita vilipokwisha yule kapteni akampa kamera yake ya zamani. Hayo ndiyo yote niliyoyajua kuhusu vita vya mume wangu. Nilipomwuliza zaidi alinijibu, "Kulikuwa na mvua nyingi," kisha akatafuta kazi ya kufanya uani.

Juu ya kabati letu kulikuwa na mkebe wa biskuti aliokuja nao kutoka huko, umefungwa kwa kamba za viatu. Miaka kumi na miwili nimeupangusa vumbi bila kuufungua. Hakunikataza. Nilijua tu.

Eda ilipokwisha nilifungua studio tena. Watu walishangaa kidogo, mwanamke na kamera, lakini ndoa hazikungoja, wala vipaimara havikungoja. Nilikuwa nimeshajifunza yote kwa Ramadhani: mabeseni matatu ya dawa, taa ya chemli iliyofunikwa kitambaa chekundu, karatasi chini ya kioo. Hapa wananiita Mama Picha. Sikujaliwa mtoto, basi wakanipa jina la kazi.

Masika ya mwaka huu bati likavuja, tena juu ya kabati hasa. Niliushusha mkebe, nikaona maji yameanza kuingia kwenye kifuniko. Nikakata kamba.

Ndani zilikuwa filamu, vipande vipande, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi ya magazeti yenye maandishi ya mviringo nisiyoyajua. Nikakiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Watu wadogo, weusi wamekuwa weupe, weupe wamekuwa weusi. Nilipaswa kuzikausha na kuzirudisha. Badala yake niliingia chumba cha giza nikaanza kuzisafisha, moja baada ya nyingine, kwa siku tatu. Nilikuwa namtafuta Ramadhani humo ndani.

Hakuwemo hata kwenye moja. Bila shaka: yeye ndiye aliyeshika kamera.

Nilichokikuta ni vita. Lakini si vita nilivyovifikiria, watu wanakimbia na bunduki. Niliona daraja limelala ndani ya mto. Niliona kijiji kizima kimeungua, zimebaki nguzo tu zimesimama kama meno. Askari wetu wanne wanakula wali kwenye bati moja na kucheka, na mmoja ana kijiko sikioni kama kalamu ya karani. Niliona mama mmoja wa huko Burma, mzee, ameinama na ufagio mkononi, anafagia uwanja. Nyuma yake nyumba haipo. Kuna majivu na ngazi ya mbao isiyokwenda popote. Uwanja wenyewe ni msafi.

Picha hiyo niliitazama mpaka dawa ikaanza kuiharibu.

Ile ya askari wanne niliibandika dirishani mwa studio kati ya picha za maharusi, bila kufikiri sana. Siku ya tatu Athumani, jirani yangu muuza nyama, alipita na kisu chake mkononi akasimama. Aliingia ndani bila kuniamkia.

"Huyu mwenye kijiko umemtoa wapi?"

"Ni picha za marehemu. Za vitani."

"Huyu ni kaka yangu Bakari." Kisha akakaa chini, kwenye sakafu, na aproni yake ya damu. Bakari alikufa huko huko. Hawakuwa na picha yake hata moja. Athumani alikuwa amefika mahali hakumbuki tena sura ya kaka yake, na aliona aibu kumwambia mtu.

Nikampa picha. Baada ya hapo habari ilikwenda yenyewe. Watu walianza kuja kutoka Rhotia, kutoka Mbulu, kutoka mashamba ya Oldeani, kuuliza kama ndugu zao wamo. Mezani hapakutosha, nikafunga kamba uani, nikazianika picha zote kwa vibanio vya nguo, watu wakawa wanapita taratibu kama wanaokagua nafaka mnadani. Walitambuliwa watu watatu tu. Wengi waliondoka mikono mitupu lakini hawakuondoka haraka.

Kulikuwa na Mmasai mmoja wa makamo, aliyeteremka kutoka Ngorongoro kuuza ngozi. Hakuwa na ndugu Burma. Aliingia kwa sababu aliona watu wanaingia. Alisimama mbele ya yule mama mwenye ufagio, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, nyumba imechomwa na nani. Nikamwambia sijui, ni vita. Akaniambia wao walitoka tambarare za Serengeti miaka mitatu iliyopita, walipohamishwa kupisha wanyama, na mama yake siku ya kuondoka alipaka samadi mpya kwenye ukuta wa nyumba ambamo hakuna mtu angelala tena. Wote walimcheka. "Sasa namwona mwenzake," akasema. Akaondoka na fimbo yake begani.

Naandika haya yote kwa sababu nachelewa kufika ninapotakiwa kufika.

Kulikuwa na picha moja sikuianika.

Ilikuwa kipande cha mwisho mkebeni, kimefungwa karatasi mbili. Vijana wawili wamelazwa chali chini ya mianzi, bega kwa bega, wamefunikwa turubai mpaka kifuani. Mmoja uso umegeukia upande wa pili, huoni ila sikio na shingo. Wa pili anatazama juu, macho yamefungwa. Kijana mzuri. Shavu la kushoto lina kovu pana la kuungua, linatoka chini ya sikio mpaka shingoni. Mpigaji alisogea karibu sana. Kapteni asingesogea hivyo. Huyo alikuwa Ramadhani, namjua anavyosogea.

Niliiweka kwenye droo, chini ya karatasi za picha ambazo hazijatumika. Nilijiambia maiti haianikwi uani kwa vibanio vya nguo.

Mwishoni mwa Juni, siku ya mnada, walikuja mama mmoja wa Kiiraqw, niliyezoea kumwona barabarani bila kujua anamngoja nani, na mwanawe. Mama ni mtu mzima, mwembamba, amejifunga shuka mbili kwa baridi, anakohoa. Mwanawe anaitwa Sulle, mkulima, wa makamo yangu. Wanatoka Tloma, karibu na msitu. Mama Kiswahili anakisikia kidogo tu, Sulle ndiye aliyekuwa akimtafsiria. Mwana wa kwanza wa mama huyo, Gwandu, alichukuliwa vitani na hakurudi. Wala barua haikuja. Au kama ilikuja, iliishia mahali wasipopajua. Kwa hiyo Mama Gwandu hakulia msiba. Alisema mwanawe yuko mbali, pengine ameoa huko, pengine hana nauli. Na ikifika siku ya mnada husimama kando ya barabara kusubiri gari la abiria la kutoka Arusha, mvua au baridi, mpaka mtu wa mwisho ashuke.

Miaka kumi na saba.

Alipita kwenye kamba yangu polepole, pua yake karibu iguse picha. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akaniambia jambo refu kwa Kiiraqw, huku akipitisha kidole kwenye shavu lake mwenyewe, la kushoto, kutoka chini ya sikio mpaka shingoni.

"Mama anasema utamjua kwa kovu," Sulle akatafsiri. "Uji wa moto ulimmwagikia akiwa mdogo. Anasema alikuwa amekwenda kuchota maji, akachelewa akizungumza na wenzake. Hilo analisema kila mara."

Nilishika nguzo ya kamba.

"Anauliza, picha zote ndizo hizi?"

"Ndizo hizi," nikasema.

Nilimtazama mama yule machoni nikamdanganya, na aliniombea baraka kwa lugha yake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka kwenda kusimama barabarani.

Kesho yake asubuhi Sulle alirudi peke yake. Hakukaa. "Mama Picha, jana ulibadilika sura. Mimi nilikuona. Kama ipo, nionyeshe."

Nikatoa ile picha kwenye droo. Aliishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Hakupiga kelele. Machozi yalishuka tu, akayaacha yashuke, mtu mzima na koti lake la kazi.

"Ndiye," akasema. Akaielekeza kwenye mwanga, akasema tena, "Kumbe alikuwa mdogo hivi. Mimi siku zote nilimwona mkubwa."

Nikamwuliza atamwambia mama yake vipi. Akatikisa kichwa. Alisema kipande cha shamba cha Gwandu hakijalimwa tangu aondoke, mama hataki jembe liguse. Kibanda chake kinapakwa udongo kila mwaka. Ardhi hiyo yeye Sulle haihitaji, alisema, na mimi nilimwamini. Anachotaka ni mama yake aache kusimama barabarani, maana kifua kitamuua. "Lakini nikimpelekea mimi, atasema nimechoka kumngoja ndugu yangu. Mwonyeshe wewe."

"Siwezi."

"Wewe ndiye uliye nayo."

"Mimi si mzazi, Sulle. Sijui mtu anamwambiaje mzazi jambo hilo."

Akaniangalia kidogo. "Na mimi sijui," akasema, akaondoka, picha akaiacha mezani.

Wiki mbili nikafanya kazi vibaya. Nilichanganya dawa vibaya, nikaharibu picha za harusi ya watu, nikawaambia filamu ilikuwa mbovu. Nilimkasirikia Ramadhani kwa namna ambayo sikuwahi kumkasirikia akiwa hai. Alimjua Gwandu, ndiyo maana alisogea karibu vile. Mama wa kijana yule alikuwa umbali wa mwendo wa saa moja na nusu kutoka kitandani petu, na yeye anamjua, na kila siku ya mnada anamwona amesimama barabarani mbele ya studio yetu. Anakunywa chai yake. Anafunga dirisha. Mtu wa namna gani?

Na mimi je? Mimi nilikuwa namwona vile vile dirishani, siku mbili za mnada, na ile picha kwenye droo.

Jumatatu iliyopita Mama Gwandu alikuja peke yake. Haikuwa siku ya mnada. Ametembea kutoka Tloma bila mwanawe, bila mkalimani. Nilimwamkia, nikamletea kigoda, hakukaa. Alizungumza kwa Kiswahili, neno moja, akapumzika, neno jingine.

"Binti. Sulle halali. Hali. Umempa nini?"

Macho yangu yakaenda kwenye droo.

"Nipe na mimi."

Nikafungua droo.

Aliichukua akatoka nayo uani kwenye mwanga. Nilimfuata nikasimama mlangoni. Aliishika kwa mikono miwili mbele ya uso wake, muda mrefu, kuku wangu wakaja miguuni pake wakaondoka. Kisha nikaona kidole gumba chake kinatembea juu ya picha: chini ya sikio, shavuni, shingoni. Mara moja. Tena mara ya pili.

Akainua uso.

"Si yeye," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama?"

"Si mwanangu. Gwandu yuko mbali." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Kisha akafungua ncha ya shuka yake, akaiweka picha ndani, akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Akanishika mkono kama siku ile ya kwanza. Akaenda zake.

Sikumzuia. Ningemwambia nini? Kwamba amekosea?

Ijumaa, juzi, nikasikia mtu ananiita kwa nguvu kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa Sulle. Nilipotoka akanyoosha mkono kunizuia.

"Usije huku, Mama Picha. Nisikilize hapo hapo ulipo."

Watu walikuwa wanapita kati yetu, baiskeli, mbuzi, na yeye anapaza sauti kama mtu anayeuza kitu. Mama yake amejitenga, alisema. Tangu Jumatatu. Kwa desturi yao nyumba iliyofiwa haichoti maji kisima kimoja na majirani, ng'ombe wao hawachungwi pamoja na wa wengine, na mtu wa nyumba hiyo haingii kwenye nyumba ya mtu. Miaka yote hii hakufanya hivyo. Sasa anafanya. Anakwenda kuchota maji mbali, korongoni, peke yake.

"Kwa hiyo amekubali," nikasema.

"Hapana. Nimemwuliza anamlilia nani. Anasema, si ndugu yako."

"Na wewe?"

Alitazama viatu vyake. "Na mimi siku hizi siendi kisimani. Hatujazungumza. Kila mtu anafanya kwake."

Ndiyo maana leo nimekwenda.

Nilitoka baada ya swala ya asubuhi. Mahindi yamekauka mashambani, maharage yameshang'olewa, na kila mahali watu walikuwa wametulia kwa ajili ya Jumapili, nikasikia kuimba kwa mbali kutoka kanisani. Tloma ukungu ulikuwa mzito zaidi. Shamba la Gwandu nililitambua bila kuonyeshwa: katikati ya mashamba yaliyovunwa kuna kipande kimoja cha nyasi ndefu, zimelala kwa umande, na pembeni kibanda kidogo, udongo wa ukutani bado mbichi.

Nilisimama penye ukingo wa uwanja, nisiuvuke. Mama Gwandu alikuwa amekaa mlangoni pake. Sulle alitokea kutoka nyumbani kwake, akabaki upande wake, karibu na zizi. Tukawa watatu hivyo, kila mtu mahali pake, uwanja mtupu katikati. Nikapaza sauti kumwamkia, na Sulle akawa anatafsiri, akipaza sauti naye.

Nilimwomba msamaha. Nilisema nilimdanganya siku ile, picha ilikuwepo.

Alisikiliza. Kisha akazungumza kwa muda, na Sulle akangoja mpaka mwisho.

"Mama anasema usijisumbue, yule si mtoto wake. Lakini anasema ana mama mahali. Na mama huyo hajui. Pengine anapika, pengine anacheka, hajui." Sulle akaegemea zizi. "Anasema haifai mtoto akae chini ya mti bila kuliliwa. Kwa hiyo anamlilia, mpaka mwenyewe aje. Na wako wawili. Yule mwingine hata uso hauonekani. Anasema na yeye anamlilia, asijisikie vibaya."

Nikavuta kanga nikajifuta uso.

Mama Gwandu akaongea tena, sasa akinionyesha kidole, pale pale niliposimama. Sulle alianza kutafsiri, akanyamaza, akamwuliza kitu mama yake. Mama akarudia maneno yale yale.

"Anasema mumeo alikuja hapa."

"Lini?"

"Mwaka mliohamia Karatu. Mimi nilikuwa shambani, sikumwona. Anasema alimwona anakuja, akamtambua kuwa ni yule mgeni mwenye kamera. Alikaa hapo hapo uliposimama. Mama akampa kibuyu cha maziwa, akakishika tu, hakunywa. Akaanza kulia. Mama akamwuliza, baba, umefiwa? Akasema ndiyo, nimefiwa na rafiki. Mama akamwambia pole. Akakaa naye. Akamwambia, na mimi nina mtoto yuko mbali, alikwenda vitani, lakini mimi nina bahati, wangu atarudi."

Sulle akageukia zizini. Sauti yake ilitoka upande ule.

"Anasema mumeo akaweka kibuyu chini, akamshukuru, akaondoka. Hakurudi tena. Mama anasema alikuwa mtu mwenye adabu."

Kumbe ndiyo Karatu. Kumbe ndiyo mji unaokua. Alikuja na mke wake na kamera yake na kipande cha filamu kilichofungwa karatasi mbili, akapanda mlima kwenda kusema neno moja, na mama mwenyewe akampa pole, akamwambia mimi nina bahati. Ningekuwa mimi ningelisema? Siku ile uani aliniuliza kwa kinywa cha mwanawe, picha zote ndizo hizi, na mimi sikuwa hata na machozi ya kumpa.

Nilidhani mimi ndiye wa kwanza kuificha picha hii. Alinitangulia, aliificha miaka tisa, na alikuwa amembeba kijana mwenyewe pengine, alimfunika turubai kwa mikono yake, na usiku alilala kando yangu na mimi namwuliza kwa nini amenuna.

Nisamehe, Ramadhani. Na mimi nitajaribu kukusamehe. Leo bado.

Nilipokuwa naaga, Mama Gwandu alisimama. Alisema neno la mwisho taratibu, na safari hii hakumngoja Sulle, alilisema kwa Kiswahili chake, akilitafuta neno kwa neno kuvuka uwanja ule:

"Wakija mama zao, kwako, kuuliza. Waambie wako hapa."

Nikasema nitawaambia.

Nimefika nyumbani nimeutazama mkebe. Nilikuwa nimepanga kuuchoma. Tangu Ijumaa nilikuwa nimeshatenga mafuta ya taa. Sitauchoma. Kesho nitaanza kuandika nyuma ya kila picha jina la aliyetambuliwa, na asiyetambuliwa nitaandika mahali alipo na anachofanya: anakula wali, amebeba kuni, anafagia. Ile moja sinayo tena, na sitaisafisha nyingine kutoka kwenye filamu ile. Imekwenda ilikokuwa ikienda tangu mwanzo.

Ila ahadi niliyoitoa haina pa kuandikwa ila hapa. Basi naiandika, endapo nitakufa kabla hajaja mtu wa kuuliza. Vijana wawili wa Burma, wale waliolazwa chini ya mianzi, mmoja ana kovu shavuni, mwingine ameugeuza uso: wako Tloma, juu karibu na msitu, nyumbani kwa Mama Gwandu. Ukifika usivuke uwanja, simama ukingoni uite. Wameshaliliwa.